Kanali Mwongo Vitani: Mvuto wa Katuni Bubu Ukitazamwa Kutoka Buyangu

Miongoni mwa aina za filamu zilizozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, mojawapo ya zilizosahauliwa upesi ni kichekesho kifupi cha vita kilichochorwa kwa mkono, yaani filamu ya dakika chache isiyo na sauti, ambamo askari wa wino hulipuliwa, hutawanyika vipande vipande, kisha hujikusanya na kuendelea na safari kana kwamba mzinga ulikuwa upepo tu. Filamu hizo ni tawi la uhuishaji, ambao ni ufundi wa kupiga picha michoro mingi inayotofautiana kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine, ili inapopitishwa haraka mbele ya taa jicho lione mwendo mahali ambapo hapakuwa na chochote ila karatasi. Kwa kuwa aina hiyo ilistawi Marekani kati ya mwaka 1915 na mwisho wa miaka ya 1920, ni rahisi kudhani kwamba haihusiani kwa lolote na magharibi mwa Kenya. Hata hivyo, mmoja wa mashujaa wake wa mwanzo kabisa alichorwa kwa kumwiga mtu ambaye mwishoni mwa mwaka 1909 alipiga kambi kwenye uwanda ulio nyuma ya ukingo wa Nandi, ukingo ule ule unaoonekana upande wa mashariki mtu akisimama juu ya Kilima cha Buyangu.

Buyangu ni sehemu ya kaskazini ya Msitu wa Kakamega, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na ambayo husimamiwa na KWS, shirika la serikali linalohusika na wanyamapori, ilhali upande wa kusini, wa Isecheno, umo mikononi mwa wasimamizi wa misitu. Wageni hufika huko kwa kuacha barabara kuu ya Kakamega kwenda Webuye, na wengi huja kwa ajili ya mbega, vipepeo na ndege wa msituni. Kilima chake kinafaa pia kwa somo la historia. Mashariki, ng'ambo ya ukingo, upo uwanda wa Uasin Gishu ambako Wazungu na Wamarekani wenye mali walikuja kuwinda, na upande wa pili yapo mashamba na vijiji vya iliyokuwa North Kavirondo, ambako serikali ya kikoloni ilikuja kuchukua watu wa kubeba mizigo ya vita. Katuni inayozungumziwa hapa ilichota kwenye historia ya uwandani na kuipuuza ile ya vijijini, na hapo ndipo inapompa msomaji wa leo jambo la kufikiri, mbali na kicheko.

Mtu huyo aliyepiga kambi uwandani, Theodore Roosevelt, alikuwa ndiyo kwanza ameondoka katika urais wa Marekani, mwezi Machi 1909, alipofunga safari ya Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit, akateremka Mombasa tarehe 21 Aprili akiwa na kazi ya kukusanya vielelezo vya wanyama kwa ajili ya Taasisi ya Smithsonian ya Washington. Baada ya urais alipenda kuitwa Kanali, cheo alichokipata mwaka 1898 alipoongoza kikosi cha wapandafarasi wa kujitolea katika vita vya Cuba. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512, wakiwemo simba 17, tembo 11 na vifaru 20, na msafara wao ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200 waliobeba mahema, vyakula, sanduku la vitabu na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Mwishoni mwa mwaka huo msafara ulipanda Uasin Gishu, ukapiga kambi kando ya Mto Nzoia, mto ambao maji yake hushuka hadi Webuye na Mumias kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Huko juu, karibu na Sergoi, Roosevelt alishuhudia mashujaa wa Kinandi wakimzunguka simba na kumuua kwa mikuki, mmoja wao akajeruhiwa, naye akaieleza siku hiyo kwa heshima isiyofichika katika kitabu chake African Game Trails cha mwaka 1910. Kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba Roosevelt hakuwa mwongo kwa kiwango cha mchoro uliomwiga. Alikuwa mtu aliyependa sana kuonekana, na wachoraji wa magazeti wanajua namna ya kumtumia mtu wa aina hiyo.

Uongo wenyewe ulianza kabla hata hajarudi kwao. Huko Chicago, mtengenezaji wa filamu William Selig alimpata mwigizaji aliyefanana na Roosevelt, akawavalisha Wamarekani weusi mavazi ya wapagazi, akapanga miti ndani ya studio, akamleta simba wa kufugwa na kumpiga risasi mbele ya kamera, kisha akaitoa filamu hiyo mwaka 1909 wakati Roosevelt wa kweli angali anatembea katika nyika za Kenya. Mwingereza Cherry Kearton, ambaye kweli alikuja na kamera na kweli alimpiga picha Roosevelt hapa nchini, aliitoa filamu yake mwaka 1910, na watazamaji hawakuipokea kwa shauku waliyompa simba wa Chicago, kwa sababu uhalisi ulikuwa na vumbi jingi na matukio machache. Watu wa sinema walipata fundisho ambalo hawakulisahau, kwamba Afrika ya kubuni inauzika kuliko Afrika yenyewe.

Mchoraji wa magazeti John Randolph Bray alilifikisha fundisho hilo kwenye ukomo wake wa kimantiki. Mwaka 1913, kupitia kampuni ya Pathé, alitoa Colonel Heeza Liar in Africa, filamu ya kwanza ya mfululizo uliokuwa miongoni mwa mifululizo ya mwanzo kabisa ya katuni yenye mhusika mmoja anayerudi kila mara. Kanali huyo ni mfupi, mwenye upara na miwani, na jina lake likitamkwa haraka kwa Kiingereza linamtangaza waziwazi kuwa mwongo. Jadi yake huko Ulaya inafahamika, nayo ni ya Baron Munchausen, afisa wa Kijerumani wa hadithi za chumvi nyingi, lakini msomaji wa Kiswahili ana mlango wake mwenyewe wa kumwingilia. Wanafunzi wa fasihi simulizi katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa majigambo, utungo ambao mtu hujisifu kwa matendo yake ya vita au uwindaji, akitumia chuku bila aibu, na hadhira hufurahia chuku hiyo kwa kuwa inajua kwamba nyuma yake kuna tendo lililofanyika kweli. Kanali wa Bray hutoa majigambo yaliyokatwa shina, kwani tendo halipo, jamii inayosifiwa kupitia kwake haipo, na kilichobaki ni mdomo tu. Kwa hiyo anachekesha, na kwa hiyo pia anatia shaka juu ya kila afisa mwingine anayesimulia alivyoshinda.

Ufundi uliomwezesha kutembea unastahili kuelezwa, kwa sababu sehemu ya mvuto wake imo humo. Filamu za enzi ile zilipitishwa kwa kasi ya picha 16 hivi kwa sekunde, hivyo kichekesho cha dakika tano kilihitaji maelfu ya michoro, na mchoraji mmoja angezeeka kabla ya kukimaliza kama angelazimika kuchora upya kila mti na kila jiwe katika kila karatasi. Bray alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya njia ya kuichapa mandhari kwenye karatasi nyingi kwa wakati mmoja ili mkono wa mchoraji ushughulike na vile tu vinavyosogea. Mwenzake Earl Hurd, ambaye alipata hataza yake mwaka 1915, aliwachora wahusika kwenye shiti angavu za seluloidi, plastiki nyepesi inayopitisha mwanga, zilizotandazwa juu ya mandhari moja isiyobadilika. Wawili hao waliunganisha haki zao na kuwatoza wengine ada kwa miaka mingi. Kazi ikagawanywa, huyu akichora, yule akitia wino, mwingine akipiga picha, na studio ikawa kiwanda. Matokeo yake kwa macho ya mtazamaji ni ulimwengu ambao ardhi yake imetulia tuli huku watu wake wakiteleza juu yake bila kuacha alama, bila kivuli na bila uzito. Jambo hilo la uzito ndilo kiini cha makala haya.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka Ulaya mwezi Agosti 1914, Marekani haikuingia, na haikuingia hadi Aprili 1917. Katika muda huo wa kutazama kwa mbali Bray alimtuma Kanali vitani. Majina ya filamu zake za mwaka 1915 pekee yanamweka kwenye mahandaki, kwenye mstari wa mbele, mbele ya topido, ambayo ni kombora la majini, na mbele ya Zeppelin, chombo kikubwa cha angani kilichojazwa gesi, ambacho Wajerumani walikitumia kudondosha mabomu. Yanamfanya avunje mzingiro wa baharini, abuni aina mpya ya kombora na hatimaye awe rubani. Hakuna jenerali aliyewahi kufika sehemu nyingi hivyo katika mwaka mmoja, na huo ndio mzaha wenyewe, kwa kuwa magazeti ya wakati ule yalijaa taarifa za ushindi kutoka kila upande, na msomaji wa New York hakuwa na njia ya kujua ni zipi za kweli. Katuni haikumpa jibu. Ilimpa mtu mmoja mfupi aliyebeba uongo wote kwa mkupuo, ili angalau aucheke.

Ajabu ni kwamba katika kipindi hicho hicho vita halisi vya Afrika Mashariki vilikuwa vikitoa matukio ambayo Bray angeyachora watu wangemwambia amezidisha. Huko Tanga, mwezi Novemba 1914, jeshi la Waingereza na Wahindi lililoteremka kutoka baharini lilishindwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao Waafrika, na katikati ya mapigano nyuki waliovurugwa mizinga yao na risasi waliwashambulia wapiganaji hadi wengine wakatimua mbio. Mwaka 1915 Waingereza walivuta mashua mbili za injini kwa nchi kavu kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa na mazoea ya kuvaa sketi. Alipokataliwa kuziita Paka na Mbwa aliziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaita wanyama hao hao, na kwa mashua hizo akaiteka meli ya Kijerumani Kingani kabla mwaka haujaisha. Kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915, ndege zilizunguka juu ya mikoko kuelekeza mizinga iliyoiangamiza meli ya kivita Königsberg. Ukumbi wa sinema wa Marekani ungepokea yote haya kama kazi ya mchoraji mwenye homa.

Lakini nyuki, sketi na mashua ni pambo tu la vita hivyo. Mwili wake ulikuwa mzigo. Katika sehemu kubwa ya uwanja wa mapigano, mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, reli zilikuwa chache na barabara hazikuwepo, kwa hiyo kila risasi, kila debe la petroli na kila gunia la unga lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Kikosi cha wapagazi kilichoongozwa na Oscar Watkins kilianza mwaka 1914 kwa idadi ndogo, kikakua hadi mwaka 1917, ambapo John Ainsworth, aliyekuwa ameongoza Mkoa wa Nyanza, alisimamia uchukuaji wa watu uliokusanya zaidi ya 100,000 kutoka himaya yote ndani ya mwaka mmoja. Nyanza ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya watu hao, na North Kavirondo, ambayo makao yake yalikuwa Mumias kabla ya kuhamishiwa Kakamega mwaka 1920, ilikuwa wilaya ya mkoa huo. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa, vijana wakatolewa, na wengi wakajikuta mamia ya maili kutoka nyumbani, kwenye mvua na matope ya Rufiji na Msumbiji, wakila unga usioiva ambao matumbo yao hayakuuzoea. Waliouawa na risasi walikuwa wachache ukilinganisha na waliouawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyekichunguza kikosi hicho kwa kina kuliko wengi, aliamini kwamba jumla ya kweli ilipita 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni mabaki ya kambi zao, na mojawapo ya sanamu tatu zilizosimamishwa miaka ya 1920 kwenye barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue ni ya mpagazi.

Hapo ndipo udhaifu wa Kanali wa wino unapojulikana. Yeye huvuka bahari bila kubeba kitu, hupiga mzinga ambao hakuna aliyeuburuta, hupanda ndege ambayo hakuna aliyeitia mafuta. Mchoraji hakukusudia kuwadharau wapagazi, kwa kuwa yamkini hakuwafikiria kabisa. Alirithi desturi ya safari za uwindaji, ambamo picha humwonyesha Bwana akiwa amekanyaga mzoga, nao watu 200 waliobeba chumvi ya kuihifadhi ngozi ya mzoga huo hubaki nje ya fremu. Kichekesho hiki kinasema kweli juu ya maafisa na kinanyamaza juu ya waliowabeba. Mtu anaweza kuzipenda filamu hizi huku akilijua hilo, na pengine huzipenda kwa akili zaidi.

Historia nayo ilimfanyia Kanali wa kweli ukatili ambao katuni haikuujua. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Roosevelt aliomba aruhusiwe kuunda na kuongoza kikosi cha kujitolea kama alivyofanya ujanani, naye Rais Woodrow Wilson akamkatalia. Wanawe walikwenda. Tarehe 14 Julai 1918 mdogo wao, Quentin, rubani mwenye umri wa miaka 20, aliangushwa na ndege za Wajerumani nchini Ufaransa akafa, na baba yake hakuishi miezi sita kamili baada ya msiba huo. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu kumbi za sinema zicheke Kanali wa bandia alipopanda ndege ya vita.

Baada ya 1918, waliochora vichekesho vya vita walikuwa watu wa namna nyingine, kwa sababu baadhi yao walikuwa wametoka huko. Otto Messmer, mbunifu wa Felix, yule paka mweusi aliyekuwa maarufu kuliko mhusika yeyote wa katuni wa miaka ya 1920, alipigana Ufaransa kama askari wa kawaida, na mwaka 1922 alitengeneza Felix Turns the Tide, ambamo panya wanatangaza vita dhidi ya paka, Felix anajiandikisha jeshini, mapigano yanakuwa makali na jeshi la paka linakaribia kuangamia, ndipo Felix anapomwomba rafiki yake mwenye bucha msaada na kuletewa jeshi la soseji. Mzaha ni wa kipuuzi kabisa, lakini uwanja wa vita uliochorwa humo si wa kipuuzi, kwa kuwa umetapakaa miili, na mtazamaji huona kwamba mkono uliochora ulijua uwanja wa namna hiyo unavyofanana. Katika ufundi wa kuchekesha, filamu hiyo inazishinda za Bray kwa mbali. Bray alimcheka msimuliaji wa vita, ilhali Messmer alicheka ndani ya vita vyenyewe, jambo ambalo ni gumu zaidi, na ambalo Charlie Chaplin alikuwa amelijaribu kwa waigizaji hai katika Shoulder Arms, iliyotoka Oktoba 1918 kabla bunduki hazijanyamaza.

Mfano wa tatu ni Great Guns! ya Oktoba 1927, iliyotengenezwa na Walt Disney na mwenzake Ub Iwerks mwaka mmoja kabla ya umaarufu wa Mickey. Mhusika wake ni Oswald, sungura mwenye masikio marefu anayekwenda vitani kwa hamasa ya siku za kwanza. Humo tembo hugeuzwa mzinga, mkonga wake ukiwa mtutu, na mwishoni Oswald mwenyewe husambaratishwa na kombora, vipande vyake vikafikishwa kwa mpenzi wake ambaye ni muuguzi, naye akavitia ndani ya chombo cha kuchanganyia vinywaji, akavitikisa, akammimina sungura mzima. Watoto hucheka hapo kila mahali, na sababu yake si ngumu. Mwili uliochorwa kwa mstari hauna damu, na mstari uliokatika huungwa; kwa sekunde chache hofu kubwa kuliko zote za binadamu inaonekana kama jambo linalotengenezeka jikoni. Kwa mtazamaji wa mwaka 1927, ambaye huenda jirani yake alirudi bila mguu, kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake, na haikuhitaji mtu kuusema. Tembo yule naye humpa mtazamaji wa Afrika Mashariki sababu yake ya pekee ya kutabasamu kwa kejeli, kwa vile katika vita vya huku kazi ya mnyama wa mizigo ilifanywa na binadamu.

Ukimya ni sehemu nyingine ya mvuto huo, na kwa nchi za lugha nyingi huenda ni sehemu iliyo kubwa kuliko zote. Filamu bubu haikuwa kimya kamili, kwani ilipigiwa kinanda ukumbini na ilikuwa na maandishi mafupi yaliyoingizwa kati ya picha, lakini maana yake ilibebwa na mwili na haikuhitaji tafsiri. Maafisa wa kikoloni waliokuja kuonyesha filamu vijijini hawakuiamini nguvu hiyo. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu cha makoloni ya Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba mtazamaji wa kijijini Afrika huchanganyikiwa na mbinu za kamera, kwamba kila picha iende polepole, na kwamba mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida yasionyeshwe. Kwa kanuni hiyo katuni ilikuwa hatari, kwa kuwa kazi yake yote ni kuonyesha yasiyowezekana. Ni vigumu kuelewa ni kwa vipi watu waliolelewa kwa hadithi za sungura anayemshinda tembo kwa maneno matupu wangeshindwa kumwelewa sungura mwenye mzinga. Kanuni hiyo ilieleza zaidi hofu za walioitunga kuliko akili za waliotungiwa.

Kinachoipa katuni bubu nafasi mpya leo ni sanaa ambayo Afrika Mashariki imeijenga yenyewe katika vibanda vya video. Nchini Uganda wasimulizi kama VJ Jingo huzungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiganda, wakieleza, wakitania na kuwapa wahusika majina ya mtaani. Tanzania ilimjua marehemu Lufufu kwa kazi hiyo hiyo kwa Kiswahili. Na Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake imewafanya mashujaa wa Hollywood na wa Kihindi waonekane kama vijana wa mtaa wa jirani. Wasimulizi hawa wanafanya, bila kufundishwa na mtu, kazi waliyoifanya wasimulizi wa Japani katika enzi ya filamu bubu, walioitwa benshi na ambao jina la mmoja wao liliweza kuvuta watu kuliko la mwigizaji. Tatizo lao la kila siku ni kwamba filamu wanayoisimulia tayari ina sauti zake, nao hulazimika kushindana nazo. Katuni ya mwaka 1915 au 1927 haina sauti ya kushindana na mtu, na nafasi yote ya maneno imeachwa wazi.

Hakuna pia kikwazo cha haki katika nchi zilikotengenezwa, kwani filamu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 1928 zimetoka chini ya hakimiliki ya nchi hiyo, na Great Guns! iliingia katika kundi hilo tarehe 1 Januari 2023. Ukuta mweupe, projekta na umeme wa sola vinatosha kwa shule yoyote ya Kabras au Isukha. Walimu wa fasihi simulizi na wasimulizi wa filamu wa Kakamega wazichukue filamu hizi wazionyeshe kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani, wawaache watoto wacheke mpaka basi, na pale Kanali anapopanda ndege yake, msimulizi amwulize mbele ya watu wote ni nani aliyembebea petroli.